Wageni wa Kaskazi: Asubuhi Moja Mida na Gede



Wazee wetu wa mwambao waliuhesabu mwaka kwa pepo. Kaskazi ilipoanza kuvuma, mnamo Disemba, majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yaliteremka hadi Lamu, Malindi, Mombasa na Unguja yakiwa na tende, mazulia na papa mkavu. Mabaharia walikaa kwetu miezi kadhaa, wakauza na kununua, na baadhi yao wakaoa. Kaskazi ilipolegea na kusi ikaanza kushika, mnamo Aprili, wakatweka matanga wakarejea kwao na shehena za boriti za mikoko. Majahazi hayo ya masafa hayaonekani tena katika bandari zetu. Wako, hata hivyo, wageni wengine wa njia hiyo hiyo ambao hawajaiacha safari yao, nao ni ndege wa pwani.

Ndege hawa hufika kabla ya kaskazi, tangu Agosti na Septemba, lakini huondoka wakati ule ule waliokuwa wakiondoka manahodha. Machi na Aprili, huko kaskazini ya dunia, ni majira ya kuchipua. Theluji huyeyuka, mchana hurefuka, wadudu huzaliana kwa wingi, na nchi iliyokuwa barafu tupu huwa mahali pema pa kulelea makinda. Huku kwetu majira hayo hayapo. Sisi katika miezi hiyo hutazama mawingu tukingoja masika. Lakini mwenye kwenda kwenye hori zetu asubuhi ataikuta habari ya majira hayo ya mbali katika manyoya ya ndege, maana wengi wao huanza kuvaa nguo za harusi wakiwa bado kwetu, kabla ya kupiga bawa moja la safari.

Fikra ya kwenda kuwatazama ililetwa na mama mmoja katika darsa yetu ya akina mama ya kila Jumanne. Alisema kwamba mwanawe anamjua pengwini, anajua anavyotembea na anavyolea yai lake, kwa kuwa amemwona katika televisheni. Lakini akipita ufukweni hajui jina la ndege hata mmoja isipokuwa kunguru. Akina mama wengine wakacheka, kisha wakaulizana wao kwa wao, na ikabainika kwamba hata watu wazima majina yanawapotea. Bibi zao waliyajua. Wao wanakumbuka yangeyange, sululu, kitwitwi na shakwe, ila hawana hakika yupi ni yupi. Tukakubaliana twende.

Safari ya kutazama ndege wa pwani hupangwa kwa maji. Hapa familia ya Kiislamu ina faida ambayo wageni wengi hawana, kwa sababu kalenda yetu ni ya mwezi na bahari nayo hufuata mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huwa bamvua: katika pwani yetu maji hujaa sana alfajiri na alasiri, na hupwa sana mnamo saa nne za asubuhi. Kila siku inayofuata, maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo mwenye kujua leo ni mwezi ngapi anaweza kukadiria maji yatajaa saa ngapi bila kumuuliza mtu. Maji yakipwa sana, ndege hutawanyika mbali kwenye matope na huonekana kama punje za pilipili manga. Maji yakijaa polepole, huwasukuma hatua kwa hatua hadi karibu na mtazamaji. Tulichagua mwezi tano, Jumamosi mwishoni mwa Machi, siku ambayo maji yangejaa baada ya saa mbili za asubuhi.

Tulitoka Malindi mara baada ya Sala ya Alfajiri kwa basi dogo, watu 19: akina mama wanane, mabinti sita, wavulana watatu, dereva na mwandishi wa makala haya. Mahamri na mbaazi za nazi zilikuwa zimefungwa katika vikapu, chai ya maziwa katika chupa mbili kubwa, na darubini za macho mawili zilikuwa mbili tu, zote za kuazima. Tuliipita njia panda ya Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke ukawa mkono wetu wa kulia, na muda si mrefu tukaingia njia ya mchanga inayoteremka hadi hori ya Mida.

Mida ni mkono wa bahari ulioingia bara kusini ya Watamu, eneo la takriban kilomita za mraba 32 za maji, mikoko na matope. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968. Wenyeji wamejenga daraja jembamba la mbao linaloning'inia kwa kamba katikati ya mikoko, na mwishoni mwake kipo kibanda cha kutazamia chenye madirisha yanayoelekea matopeni. Ada ya kuvuka daraja huchangia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka vijiji vinavyouzunguka msitu na hori, mpango ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya lenye makao yake Watamu. Daraja huyumba mtu anapotembea. Mabinti walilifurahia. Baadhi ya mama zao walishika kamba kwa mikono miwili na kusoma dua hadi mwisho.

Kijana mwenyeji aliyetuongoza alikuwa na darubini kubwa ya miguu mitatu. Alituonyesha kwanza miti, kwa kuwa ndege walikuwa bado mbali. Akina mama walimjibu kwa majina kabla hajayataja: mkoko wenye mizizi kama miguu ya kaa, mchu wenye vijiti vinavyochomoza matopeni, mkandaa uliotiwa rangi ya nyavu na ngozi, muia, na mlilana unaosimama mbele kabisa majini. Kijana akastaajabu. Bibi mmoja akamwambia, "Mwanangu, nyumba ya babangu ilisimama kwa boriti hizi. Nitakosaje kuzijua?" Kijana akaeleza kwamba majani ya miti hii yakidondoka huoza, matope yakapata rutuba, na ndani ya matope wakazaliwa kaa, konokono na minyoo kwa wingi usiohesabika. Hiyo ndiyo karamu inayowaleta ndege kutoka ng'ambo.

Maji yalipoanza kuingia, ndege wakaja nayo. Mbele walikuwa sululu, warefu, wa rangi ya majani makavu, wenye mdomo uliopinda chini kama jambia. Huuingiza mdomo wote katika shimo la kaa na kumtoa akipapatika. Nyuma yao walikuja vitwitwi wa aina nyingi, wadogo, wenye haraka, ambao kwa macho matupu wote ni kijivu. Kwa darubini walikuwa mbalimbali kabisa. Mmoja ana mdomo uliopinda juu kidogo, naye hukimbia huku na huko ameinama kama mtu aliyeangusha pete; jina lake la Kizungu limetokana na mto Terek, unaotiririka kutoka milima ya Kaukazi hadi Bahari ya Kaspi. Mwingine alikuwa ameanza kuwa mwekundu kifuani, rangi ya tofali. Huyu huzalia kaskazini kabisa ya Siberia, kwenye tambarare za Bahari ya Aktiki, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka pale tulipokaa. Uzito wake ni kama ule wa yai la kuku. Binti mmoja wa darasa la saba aliuliza mara mbili kama alisikia sawasawa.

Anawezaje kufika? Kijana alieleza kwa lugha ya jikoni, nasi tukaona ameeleza vizuri. Ndege hana pa kubeba masurufu ila mwilini mwake. Wiki za mwisho kabla ya safari hula mchana, na hata usiku maji yakipwa, ili ajaze mafuta chini ya ngozi. Baadhi ya vitwitwi hukaribia kuwa na uzito mara mbili ya ule wa kawaida. Mafuta hayo ndiyo atakayoyachoma angani siku na usiku. Akiondoka na mafuta pungufu, atashuka njiani mahali pasipofaa, au atafika amedhoofika na asiweze kuzaa mwaka huo.

Maneno hayo yalikuwa hayajatulia masikioni pale mmoja wa wavulana wetu, wa miaka kumi, aliposhuka ngazi ya kibanda na kukimbia matopeni huku amefungua mikono. Kundi zima likaruka, mamia kwa pamoja, likageuka hewani jeupe, likageuka tena jeusi, na kutua ng'ambo ya mkondo. Ilikuwa mandhari ya kupendeza, na watoto wengine wakapiga makofi. Kijana hakumgombeza. Alitazama saa yake tu. Ndege wa kwanza waliporudi kula, alimwita mvulana na kumwambia: "Dakika kumi na moja. Dakika kumi na moja hawakula, na mafuta waliyochoma kwa kuruka wameyatoa katika ya safari." Kisha akampa daftari na kalamu, akamwomba ahesabu sululu kila maji yakisogea. Mvulana alihesabu mpaka tulipoondoka, na hakuna aliyeruhusiwa kusema naye.

Tunalieleza tukio hili kwa sababu ndilo jambo kubwa tulilorudi nalo. Watu wengi wa pwani hudhani kwamba anayemdhuru ndege ni mwenye manati au mtego. Kumbe katika mwezi wa mwisho kumfukuza tu ni kumpokonya chakula. Watoto wanaokimbiza makundi ufukweni, vijana wanaopita na pikipiki juu ya mchanga maji yakipwa, mbwa walioachwa huru, wote hao hawamwui ndege hata mmoja, na bado safari ya Siberia inaweza kukatika kwa ajili yao. Sisi ni watu tuliolelewa kumheshimu mgeni. Hakuna kati yetu ambaye angemwinua mgeni mkekani kila anapotia tonge mdomoni.

Mgeni tuliyemfuata hasa alikuja mwisho. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi kama wembe wa seremala. Chakula chake kikuu ni kaa, na kwa Kizungu pia jina lake limetokana na kaa. Sisi tulimwita mla-kaa. Mida ni miongoni mwa mahali panapojulikana sana duniani kwa kumwona. Walikuja kama 60, wakasimama kwa safu mgongo wa mchanga, wakiutazama upepo.

Ndege huyu si wa Siberia. Kwao ni Arabuni: huzalia katika visiwa na fukwe za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, na baadhi katika pwani ya Somalia. Tena huzaa kwa namna isiyofanywa na ndege mwingine wa jamii yake. Huchimba pango mchangani, akaingia ndani kabisa, akataga yai moja tu, jeupe. Nje jua la Arabuni linaunguza. Ndani ya pango joto la mchanga lina kadiri, nalo humsaidia kuatamia. Yai likianguliwa, kinda hulelewa na wazazi wake muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya ndege wa matopeni. Hata wakija naye Afrika bado humlisha.

Hilo tuliliona kwa macho yetu. Kijana mmoja mla-kaa, wa kijivu mgongoni na mkubwa karibu sawa na mamake, alimfuata nyuma akilia kwa sauti nyembamba isiyokoma. Mama akakamata kaa, akamvunja miguu, akasita, kisha akampa. Akina mama walivunjika mbavu. "Ana miezi minane na bado analishwa!" alisema mmoja. Bibi yule wa boriti akajibu taratibu, "Wa kwangu ana miaka thelathini." Kicheko kilikuwa kikubwa hata kijana mwenyeji akatuomba tushushe sauti.

Mmoja wa akina mama hakucheka. Alikuwa ameishika darubini ndogo muda mrefu, zamu yake imepita, na hakuna aliyemwomba.

"Sheikh," alisema, "huyu ndege kweli anakwenda Oman?"

"Wengine wao, mama. Wiki mbili tatu hizi wataondoka."

"Kwa siku ngapi?"

Tulimwambia kwamba kutoka pale hadi Muscat ni zaidi ya kilomita 3,500, na kwamba ndege huenda kwa mapumziko, wala hatukuweza kumtajia siku.

"Na anarudi?"

"Akijaaliwa anarudi. Agosti, Septemba."

Akaikabidhi darubini kwa binti aliyekuwa karibu naye. "Basi mwanangu ana jirani huko," alisema.

Wengi katika basi letu walijua. Binti yake wa kwanza yuko Muscat mwaka wa tatu sasa, akifanya kazi za nyumbani. Huzungumza kwa simu kila Ijumaa, na fedha anazotuma ndizo zinazowasomesha wadogo zake wawili, mmoja wao akiwa pale kibandani. Ni nyumba ngapi za Malindi, Mombasa, Kwale na Lamu zisizo na mtu Ghuba? Baba zetu waliwatazama mabaharia wa Oman wakiondoka na kusi. Sisi leo tunawasindikiza wanetu uwanja wa ndege. Hatukuwa na neno la kumwambia mama huyu ambalo hajalisikia. Lakini tuliona kwamba tangu hapo hakuuliza tena jina la ndege mwingine. Alikaa na wale 60, na maji yalipofunika mgongo wa mchanga wakaruka kwa pamoja kuelekea mdomo wa hori, aliwafuata kwa macho mpaka wakapotea nyuma ya mikoko. Kisha akamimina chai, akaanza na sisi wazee.

Baada ya kifungua kinywa chini ya miti tulirejea njia panda, tukaingia Gede. Mji huu wa mawe ya matumbawe ulianza mnamo karne ya 12, ukastawi, ukahamwa katika karne ya 17, na msitu ukaufunika. Mwaka 1948 mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuufukua. Kaburi moja pale lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399 Miladia. Mwaka 2024 mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Familia nyingi huja kuona Msikiti wa Ijumaa, kasri na visima, na hufanya vyema. Lakini kwa kuwa miti mirefu imeachwa isimame juu ya kuta, Gede ni bustani ya ndege pia, na kivuli chake kinamfaa mwenye watoto wadogo baada ya jua la matopeni.

Pale penye uwazi karibu na lango, mtoto wetu mdogo kuliko wote alimwona ndege wa rangi ya udongo mwenye mabawa ya milia, akidokoa ardhi. Ndege akainua kishungi chake. "Hudihudi!" alipiga kelele, "wa Nabii Sulayman!" Hakuna aliyemfundisha umbo lake, kisa chake katika Surat An-Naml alikisikia madrasa, na taji lile likamtosha. Baadhi ya watu wazima waliungama kwamba siku zote walimdhania hudihudi ni ndege wa Sham tu.

Juu ya mibuyu na miti ya msitu walikuwa hondohondo, wakubwa, weusi kwa weupe, wenye pembe juu ya mdomo na kilio kama cha mtoto mchanga. Mama huyu ana mwenendo wa ajabu. Wakati wa kutaga huingia katika tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo mpaka ukabaki ufa mwembamba. Ndani anaatamia akiwa salama na nyoka na nyani. Kwa wiki nyingi hana chakula ila kile anacholetewa na mumewe kupitia ufa huo, na makinda yakianguliwa mzigo wa mume huzidi. Akina mama walitaka maelezo haya yarudiwe dereva akiwepo.

Swali zito liliulizwa na mvulana yule yule aliyekimbiza kundi Mida. Alitaka kujua kama Gede kuna bundi, na je, ni kweli akilia juu ya paa mtu hufa? Kimya kikaingia, maana si watoto peke yao wanaoiamini habari hiyo. Tulimjibu kwamba bundi hana ilmu ya ajali ya mtu, na dini yetu imekataza kutabiri mabaya kwa ndege. Kisha tukamwambia habari ya bundi wa jirani. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ng'ambo ya barabara kuu, yuko bundi mdogo mwenye urefu wa kiasi cha sentimita 16, aliyejulikana kwa wanasayansi katika miaka ya 1960 tu. Mchana husinzia katika vichaka, na usiku hula wadudu. Anaishi hapa kwetu Kilifi na katika vilima vya Usambara, Tanga. Watu huvuka bahari na kutumia fedha nyingi ili wamwone kwa dakika tano. Sisi tukimsikia tunatafuta jiwe.

Msitu huo, wenye kilomita za mraba 420 hivi, ndio mkubwa kuliko yote ya namna yake iliyobaki katika mwambao wa Afrika Mashariki. Humo kuna ndege mwingine, mnana wa manjano na mweusi, ambaye hakuna nchi wala kaunti nyingine anakojulikana ila Kilifi. Mpaka mwaka 2013 wataalamu hawakujua anajenga kiota wapi. Ndipo viota vyake vikaonekana katika kidimbwi chenye nyasi huko Dakatcha, upande wa Magarini. Mgeni wa Siberia akikosa Mida, huenda akapata matope mahali pengine. Mnana huyu akikosa Dakatcha na Arabuko-Sokoke, hana pengine. Waliotoka Malindi wakidhani ndege wa maana wako katika televisheni walirudi na habari hiyo.

Si lazima familia zote zije Mida. Walioko Malindi wanao mlango wa mto Sabaki, wenye shakwe, buabua na mara nyingine heroe. Walioko Mombasa wanazo hori za Tudor na Mtwapa, na kwa wenye watoto wachanga iko Haller Park ya Bamburi, iliyokuwa machimbo ya mawe ya saruji mpaka mwaka 1971 ilipoanza kupandwa mivinje chini ya usimamizi wa René Haller. Leo yangeyange na minana hutaga palipokuwa jiwe tupu. Ndugu zetu wa Lamu hawahitaji kwenda popote, maana zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kwao.

Ziangalieni tarehe za mwezi, mchague siku ya maji kujaa asubuhi, mtoke mapema. Vaeni rangi zilizopoa. Buibui jeusi halina tatizo, kitambaa chekundu ndicho kinachoshtua. Darubini moja ya kuazima inatosha watu watano wenye subira. Mketi mahali pamoja, mwaache ndege waje. Wapeni watoto kazi ya kuhesabu, kwa kuwa mwenye kuhesabu hakimbii. Mabaki ya chakula na plastiki rudini nayo. Na katika wiki hizi za mwisho kabla ya masika, mkipita ufukweni na kukuta kundi limeinamia matope, lizungukeni kwa mbali, mkawaambie watoto kwa nini.

Mama wa yule binti wa Muscat alituma ujumbe Ijumaa iliyofuata. Alimweleza mwanawe habari ya ndege mla-kaa kwa simu, na binti akasema atauliza waliko, siku akipewa ruhusa ya kwenda pwani. Tunamwombea yeye na wote walio ng'ambo kama yeye wapate wakarimu huko waliko, na Mwenyezi Mungu awarejeshe salama kwa wazazi wao.